Mateka wa Shilingi Tano

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku yangu ya kwanza ya kufundisha, nilimwambia msichana aliyekaa dawati la mwisho asimame asome. Akasimama, akasoma ukurasa mzima wa hadithi ya fisi na mbuzi bila kukwama, kwa sauti safi, akipumzika penye kila nukta. Saa mbili na robo nilikuwa nimekwisha kuandika katika daftari langu: "Kalunde Maganga. Msomaji bora." Saa mbili na dakika kumi na saba niliona kwamba kitabu alichoshika kilikuwa cha hesabu.

Darasa zima lilijua. Watoto sabini na wawili walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yakitikisika, wakisubiri kuona mwalimu mpya atachukua muda gani kugundua. Nilichukua dakika saba. Nimeambiwa mwenzangu aliyenitangulia alichukua muhula mzima, kwa hiyo naweza kusema nilianza vizuri.

Nawaandikia ninyi walimu vijana mnaoingia kazini sasa ninapotoka, na hasa wale mtakaopewa watoto ambao kila mtu amekwisha kuwakatia tamaa kabla hamjafika. Sitaandika juu ya vyeo wala mishahara. Vyeo vilichelewa na mishahara imekwisha. Nitaandika juu ya zana, makosa, na msichana yule.

Nilikuwa na miaka thelathini, na ualimu sikuusomea. Nilizaliwa Tabora mjini, mtoto wa fundi wa reli, Mzaramo aliyeletwa na kazi akasahau kurudi Pwani. Nilimaliza darasa la nane, nikawa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku. Vyama vile vilipovunjwa, nilibaki na mwandiko mzuri na bila mizani. Wakati huohuo serikali iliamua kila mtoto aingie shule, na walimu hawakutosha hata nusu. Wakachukuliwa watu kama mimi, tukapewa darasa kwanza na mafunzo baadaye. Tulijifunza kwa redio, kwa vijitabu vilivyokuja kwa posta, na kwa alasiri mbili kila wiki mbele ya mwalimu mkuu. Vijitabu vilipochelewa nilisoma chochote nilichopata, pamoja na kitabu cha kutengeneza viatu, ambacho kilinifaa kuliko nilivyotarajia.

Nilipelekwa kijiji cha Ujamaa kiitwacho Tuungane, upande wa Usinge, kando ya njia ya zamani ya misafara iliyokwenda Ujiji. Nyumba zilipangwa kwa mistari miwili iliyonyooka, nyuma yake shamba la kijiji, nyuma ya shamba pori. Shule ilikuwa na vyumba vitatu. Viwili vilikuwa na bati na kimoja kilikuwa na matumaini. Mwalimu mkuu aliitwa Anastazia, mama wa makamo aliyesomea ualimu kwa masista, mrefu, mwenye kalamu nyekundu aliyoichomeka kwenye nywele.

Jioni ya siku ile ya kwanza nilimpelekea habari za Kalunde. Nikamwambia kwamba mtoto ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la tatu kwa mwaka wa tatu, amekariri kitabu chote kwa kusikiliza wenzake, na hajui kusoma neno moja. Nikamalizia: "Ni mzito, mwalimu mkuu."

Akavua kalamu kichwani. "Ndugu Kondo, kabla ya kuja hapa ulikuwa nani?"

"Karani wa mizani."

"Mkulima akikuletea mzigo wa tumbaku, ukaandika 'mzito', ukaishia hapo, angekulipa nini mkuu wako?"

"Angenifukuza."

"Basi usiniletee neno hilo. Mzigo una kilo. Niletee kilo."

Hilo ndilo somo la kwanza la ualimu nililofundishwa, na ningekuwa na haki ya kuwaachia moja tu, ningewaachia hilo. Nilipiga mistari katika daftari langu, nikapata safu tatu: anachokijua, kinachomdanganya, tutakachofanya kesho. Nilimpima Kalunde kwa wiki mbili. Alihesabu hadi mia na kurudi nyuma bila kukosea. Alijumlisha bei za mayai kichwani haraka kuliko mimi na kalamu. Alijua irabu zote akiziona moja moja, kubwa, ubaoni. Zikikaa pamoja na herufi nyingine zilimkimbia. Herufi b na d kwake zilikuwa mtu mmoja aliyegeuka. Herufi n na u vilevile. Jina lake alilitambua kama mtu anavyotambua ng'ombe wake, kwa umbo zima, lakini ukimwonyesha herufi ya katikati peke yake hakuijua.

Kujua kilo hakukunizuia kukosea. Kuanzia Januari hadi Aprili nilikosea kwa mpangilio mzuri. Kwanza nilimhamishia dawati la mbele, kana kwamba tatizo lilikuwa umbali. Kisha nikampa kazi ya kunakili mstari mmoja mara hamsini. Akanakili kwa uzuri wa kuchora, na mwisho hakujua alichochora. Kisha nikapaza sauti, kana kwamba herufi husikia. Mwishowe nikamtoa yeye na wenzake watatu waliokuwa na shida kama yake, nikawaweka kwenye banda la majembe ili niwafundishe peke yao baada ya kuwapa wengine kazi. Wiki moja tu. Siku ya nne nilikuta mmoja wao amechora chaki mlangoni mwa banda picha ya punda wanne. Walikuwa wamefundishika jambo moja, tena vizuri sana.

"Warudishe," alisema Mwalimu Anastazia. "Kama una dawa, waipate humo humo darasani, mbele ya wenzao. Na wenzao wainywe pia, haitawadhuru."

"Dawa sina, mwalimu mkuu."

"Basi tafuta ukiwa umewarudisha."

Mwezi wa Mei, wakati wa mapumziko ya saa nne, alikuja mtu na baiskeli. Alikuwa mfupi, mkavu, mikono ina alama za miiba ya nyuki mpaka viwikoni. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akatusalimu kwa Kinyamwezi, mwangaluka, akasema yeye ni Maganga, baba yake Kalunde, na amekuja kumchukua.

"Kumpeleka wapi, mzee?" nikauliza.

"Kambini. Mwezi ujao tunaingia porini kurina asali. Mama yake mgongo umemshinda, na mimi nahitaji mtu wa kukamua na kuchuja. Shule nimeipa miaka mitano. Sikuinyima kitu. Ningekuwa nimepanda mwembe ungekuwa unanipa kivuli."

"Hatujamaliza naye."

"Hamjaanza naye, mwalimu. Sikulaumu. Wengine Mungu hakuwapa kitabu." Kisha akaniangalia vizuri. "Wewe si mtu wa huku. Nani kwenu?"

"Nimezaliwa Tabora. Lakini baba yangu Mzaramo."

Uso wake ukafunguka kama mlango. "Mzaramo! Kumbe nimesimama hapa najipa adabu bure! Mtani wangu huyu! Ninyi si ndio mliowakaribisha babu zetu Pwani, wakaamka asubuhi hawana hata kamba ya mzigo?"

Kwa wasiojua: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zao walishuka na mizigo hadi Pwani, babu zetu wakawapokea, na huko nyuma ya mambo mengi mazito ukabaki utani. Mtani akikutukana hukasiriki, unamrudishia. Mtani akifa, unakwenda kumtania maiti na kuwachekesha wafiwa. Na mtani akishika kitu chako akasema ni mateka, huruhusiwi kukichukua kwa nguvu. Unakikomboa. Nilikuwa nimeyaona haya tangu utoto: baba yangu aliwahi kutekwa koti msibani, akarudi nyumbani na fulana.

Nikamjibu: "Babu zenu walikuja na pembe za ndovu za watu wengine begani na shingo zimezama mwilini. Tuliwapa maji ya kunywa, wakadhani ni bahari ya bure. Mpaka leo hamjatulipa maji."

"Maji ya chumvi!"

"Na ndiyo maana leo nachukua fidia." Kalunde alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza. Nikaenda nikamwekea mkono kichwani. "Huyu ni mateka wangu. Humtoi hapa mpaka umkomboe."

Watoto walipiga kelele ya furaha. Mzee Maganga alitazama chini, akacheka, akatikisa kichwa. Amri ya shule angeikataa, na ombi langu alikuwa ameshalikataa. Hili hakuweza kulikataa mbele ya watu. "Sawa, umenikamata. Bei gani?"

Hapo ukarani ukaniponza. Mtu mwenye akili angetaja ng'ombe kumi, wakacheka, jambo likaisha. Mimi nilifikiri bei, nikatafuta kiasi cha haki kwa mrina asali ambaye bado hajarina, nikasema: "Shilingi tano."

Alipanda baiskeli akaondoka akiimba. Mwalimu Anastazia alikuwa amesikia yote dirishani.

"Ndugu Kondo," alisema, "ni mara ya kwanza naona mtu akitaja bei inayolipika."

Nilikuwa nimenunua wiki chache, basi. Na ni katika wiki hizo ambapo dawa ilijionyesha yenyewe, mahali ambapo nilipaswa kuitafuta mwanzo, kwa kuwa ndiyo kazi niliyotoka.

Shule yetu, kama shule zote wakati ule wa Elimu ya Kujitegemea, ilikuwa na shamba. Letu lilikuwa la tumbaku. Mwisho wa Mei majani yalikuwa yamekaushwa, na darasa la tatu lilipewa kazi ya kuyapanga kwa madaraja. Nilikuwa mwalimu wao na karani wa zamani, kwa hiyo nilikaa kati yao nikijiona bingwa. Baada ya nusu saa niliona fungu la Kalunde limefika magotini, langu likiwa kwenye kifundo cha mguu. Nikalipekua lake nikitafuta makosa. Hakuna. Naye alikuwa akizungumza na mwenzake, akitazama kwingine.

"Unayajuaje bila kuyatazama?" nikamuuliza.

Akaona haya. "Ukiyatazama yanafanana, mwalimu. Ukiyashika hayafanani."

Niliacha kazi nikatoa daftari. Katika safu ya kwanza, anachokijua, niliandika: vidole. Nikapiga mstari chini yake mara mbili. Kwa miezi mitano nilikuwa nimemwonyesha herufi mtoto ambaye angeweza kuzijua kwa kuzishika.

Kwa hiyo nilihitaji herufi za kushikwa. Udongo ulipasuka. Kamba ya katani ilifumuka. Kisha nikakumbuka kwamba tulikuwa tunaishi katikati ya nchi ya nyuki. Nilimwomba mama yake Kalunde mabaki ya nta, akanipa bonge la ukubwa wa kichwa cha mtoto, la kahawia, lenye harufu nzuri sana. Harufu ile ilipaswa kunifanya nijiulize swali, lakini sikujiuliza. Nililipasha moto, nikaviringisha nta kama mikia ya panya, nikaigandamiza kwenye vibao vya mninga. Kila kibao herufi moja, kubwa kama kiganja. Pale kidole kinapotakiwa kuanzia nilikwangua kijishimo, maana niliona kwamba b na d hutofautiana mahali safari inapoanzia. Nikavipanga vibao ishirini na vinne dirishani vipate upepo, nikafungua somo.

Nyuki walifika saa nne kasoro dakika tano.

Nta ilikuwa haijasafishwa. Ilikuwa bado na asali na machicha ndani yake. Mrina asali yeyote angeniambia. Kwanza walikuja kumi, nikawaambia watoto watulie. Kisha nikaacha kuwaambia watoto chochote kwa sababu nilikuwa wa tatu kutoka nje, na waliokuwa mbele yangu walikuwa wepesi zaidi. Tulisimama upande wa pili wa uwanja, watoto sabini na wawili na mwalimu mmoja, tukiwatazama nyuki wakiingia darasani kwa utaratibu ambao mimi sikuwahi kuupata.

Ndipo ikaja baiskeli. Mzee Maganga alishuka, akatutazama, akalitazama darasa, akasikiliza ile sauti ndani.

"Mtani," alisema, "nimekuja kulipa, nakuta mateka wote wametoroka na waliobaki shuleni ni nyuki. Wako darasa la ngapi hawa?"

"La tatu," nikasema.

"Wamefaulu?"

Aliomba kinyesi kikavu cha ng'ombe na majani, akatengeneza kienge cha moshi, akaingia peke yake kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Baada ya robo saa alitoka na vibao vyangu vyote kwapani. Hakuumwa. Mimi nilikuwa na miiba minne, mmoja mahali ambapo ulinifanya nifundishe nikiwa nimesimama kwa siku mbili.

Alivigeuza vile vibao mkononi. "Hii nta nani kakudanganya kwamba imeiva?"

"Mkeo kanipa."

"Kakupa ya kupakia mizinga mipya. Ile tunataka inuke, iite nyuki. Umeita, wameitika." Akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akauliza kwa sauti nyingine: "Na za nini hizi?"

Nikamwita Kalunde, ambaye alikuwa ameshika viwili vya kwanza tangu nilipovitengeneza. Nikamwambia afumbe macho, nikampa kibao. Alipitisha kidole kutoka kwenye kijishimo, akashuka, akapanda, akazunguka. "Hii ni ya baba," alisema. Nikampa kingine. Kidole kikaanzia kwenye duara. "Hii ni ya dada."

Mzee Maganga hakujua herufi, lakini alijua binti yake amejibu bila kutazama midomo ya mtu. Alifunua fundo kwenye kona ya shuka, akatoa sarafu tano za shilingi moja moja, akanyoosha mkono. "Neno ni neno, mtani. Nimpeleke."

Nilikuwa na sekunde chache. Ukarani ulioniponza ndio ulioniokoa. "Ngoja," nikasema. "Mimi nilifanya kazi ya ushirika. Fedha haipokelewi bila stakabadhi. Na stakabadhi ya mateka huandikwa na mateka mwenyewe, kwa mkono wake. Vinginevyo kesho utasema nilikuuzia mtoto wako mara mbili."

"Hajui kuandika!"

"Basi siwezi kupokea."

Alinikazia macho, kisha akarudisha zile sarafu fundoni. "Mzaramo wewe, ulizaliwa kwenye mfuko wa nani? Sikiliza. Naenda porini na ndugu yangu. Nikirudi mwezi wa tisa, ameweza kuandika: basi shule imemaliza kazi, namchukua. Hajaweza: basi shule imeshindwa kazi, namchukua. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Niliyageuza maneno yale usiku kucha nikitafuta tundu, sikulipata. Lakini kabla ya kuondoka siku ile alifanya jambo ambalo mpinzani hafanyi. Alituonyesha, mimi na Mwalimu Anastazia, namna ya kusafisha nta: kuichemsha na maji, kuichuja kwenye kitambaa cha gunia, kuiacha igande juu ya maji, kukwangua uchafu wa chini, na kurudia mara tatu. Alisema ikiiva hainuki tena, na nyuki wakipita wanaiona kama jiwe. Njia hiyo nimeitumia maisha yangu yote ya kazi, na mnaolirithi kabati langu mtazikuta herufi za mwaka juzi humo. Msizianike juani.

Miezi mitatu iliyofuata nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu kazi nzuri haina hadithi nyingi. Vibao vilizunguka darasa zima. Kila mtoto alivishika, na wale watatu wa banda la majembe walivishika mara nyingi zaidi bila mtu kuwahesabia. Mmoja wao, ambaye hakuweza kukaa kitako kwa dakika tano, nilimpa kazi ya kuvigawa na kuvikusanya. Alitembea kutwa na akajifunza akitembea. Kalunde nilimpa herufi mbili kwa wiki, si zaidi, na hakuna siku aliyopata mpya kabla ya kuzishika za zamani. Kutoka kwenye nta alihamia kwenye sanduku la mchanga, kutoka mchangani kwenda kwenye ubao mdogo, kutoka ubaoni kwenda kwenye karatasi. Alipokwama alirudi hatua moja nyuma, na kurudi hakukuwa adhabu. Nilimruhusu ajibu historia na sayansi kwa mdomo wakati wenzake wakiandika, na tulipofanya hivyo tuligundua kwamba alikuwa wa tano darasani. Wiki ya kumi na moja alipotea kabisa. B na d zikarudi kuwa mtu mmoja. Niliandika hivyo kwenye safu ya pili, na kesho yake tukaanza tena kwenye nta. Zilitengana baada ya siku tisa.

Mzee Maganga alirudi Jumatano ya pili ya mwezi wa tisa, saa tisa alasiri. Madumu mawili ya asali yalining'inia kwenye baiskeli. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakagusa kidevu, akaziweka zile sarafu tano mezani kwa mstari. Mwalimu Anastazia alileta karatasi, kalamu na kidau cha wino. Nikamwambia Kalunde aandike: "Nimepokea shilingi tano kwa baba." Kisha jina lake.

Nikainama kutazama.

"Ndugu Kondo," alisema mwalimu mkuu, "ondoka hapo. Unamwinamia kama twiga. Nenda mlangoni."

Nikaenda mlangoni. Kalunde alianza. Kabla ya kila herufi, kidole cha mkono wa kushoto kiliichora kwanza pajani, kwenye sketi, kisha kalamu ikafuata. Niliona kikianza kwenye duara, nikaona kinaanza kwenye mstari. Dakika zikapita ishirini. Mzee Maganga hakutikisika. Mtu aliyezoea kukaa juu ya mti na kienge mkononi ana subira ya aina yake. Dakika ya ishirini na nane nilifikiri amemaliza. Akatazama juu kidogo, akatazama baba yake, akainama tena. Nikadhani jina linamsumbua. Dakika ya arobaini akaweka kalamu chini.

"Weka dole, mzee," nikasema kutoka mlangoni. Akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi kwa nguvu zake zote.

"Haya, nisomee nilichokikubali," alimwambia binti yake.

Kalunde akasoma: "Nimepokea shilingi tano kwa baba. Mimi nabaki shule. Kalunde Maganga."

Nje watoto walikuwa wakimwagilia bustani.

Mzee Maganga akanigeukia taratibu. "Hayo ya katikati umemfundisha wewe?"

"Sikumfundisha. Naapa."

"Mwalimu mkuu?"

"Mimi nilimpa karatasi tu, Mzee Maganga."

Akamtazama binti yake. "Umeyatoa wapi?"

"Kichwani, baba."

"Kichwani." Akaivuta ile karatasi. Alikuwa ameishi na mtoto huyu na kukariri kwake. Kule nyumbani alikuwa amesomewa habari ya fisi kutoka kwenye pakiti ya majani ya chai. Akaigeuza karatasi juu chini, kichwa kikiwa chini na miguu juu, akamrudishia. "Soma tena."

Kalunde akaipokea. Akaitazama, akaigeuza ikakaa sawa, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akasoma.

Baba yake akapangusa dole lake la wino kwenye suruali, bila haraka. "Ameniwekesha dole," alisema. "Mtoto wa kumzaa mwenyewe. Mwenye uwezo wa kunifunga kwa mstari mmoja, nikamfungie porini achuje machicha?" Akainuka. Zile sarafu akazisukuma kwangu kwa kidole. "Hizo zako, mtani. Mateka nimemkomboa. Sijasema nitampeleka wapi." Karatasi akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kofia.

Kwenye kambi alimchukua mpwa wake. Dumu moja la asali alituachia shuleni.

Nimefundisha miaka ishirini na mitano tangu siku ile, katika shule sita, na katika kila moja nilikuta mtoto mwenye kitabu cha hesabu mkononi na hadithi ya fisi mdomoni. Si wote waliofika. Yupo mmoja huko Igunga ambaye safu yake ya tatu niliijaza miaka miwili, na hakuvuka silabi. Lakini alibaki darasani na wenzake, na alijua kwamba kiti kile ni chake. Wengine walihitaji vidole, wengine kutembea, wengine kukaa mbali na dirisha. Hakuna niliyemkuta ambaye alihitaji banda la majembe. Mwalimu Anastazia alistaafu kabla yangu akaniachia ile kalamu nyekundu, ambayo haiandiki tena.

Kalunde alimaliza darasa la saba, si wa kwanza wala wa mwisho. Leo ndiye anayepima asali ya kijiji na kuandika vitabu vyake, na akiandika jina la mgeni, kidole cha kushoto bado huchora pajani kwanza. Nimepekua vitabu vile. Ni tabia, nisameheni. Sikukuta kosa.

Mzee Maganga tulionana mara nyingi mpaka alipofariki, na hakuna mara aliyonisalimu kwanza. "Mzaramo! Shilingi tano zangu!" alipiga kelele kutoka upande wa pili wa barabara.

"Stakabadhi inasemaje?" nilimjibu.

Hapo alivua kofia, akaikunjua ile karatasi, iliyokuwa imekwisha kugeuka rangi ya nta, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, mara nyingine kichwa chini miguu juu, na akawasomea watu wote waliokuwapo, kwa sauti safi, akipumzika penye kila nukta, bila kukosa neno hata moja: "Nimepokea shilingi tano kwa baba. Mimi nabaki shule."

Sikumrudishia. Mtani harudishiwi fedha. Hasara yake yote, tangu siku ya nyuki hadi siku tulipomzika, ilikuwa shilingi tano.